Mjumbe wa Nchi ya Theluji

Nchi yangu niliitoa kwenye sufuria. Waandaaji wa mkutano walikuwa wamekata vikaratasi, kila kimoja na jina la nchi, wakavitia ndani ya sufuria ya pondu, mboga ya majani ya muhogo, iliyooshwa vizuri, nasi wanafunzi tukapanga mstari kuchota. Nilikuwa nimemwomba Mungu wiki nzima anipe Kongo. Mwanafunzi aliyenitangulia, mtoto wa Makiso, mtaa wa wenye pesa, mwenye tai na viatu vya kung'aa, akaingiza mkono, akatoa Kongo. Na akacheka! Mimi nikaingiza wangu, nikatoa nchi ya theluji. Sitaitaja jina, haijanikosea kitu. Ni nchi tajiri, ya baridi, iko mbali, sijawahi kukutana na mtu wake hata mmoja, na kwa siku tatu nilitakiwa kuwa mdomo wake.

Mkutano wenyewe ulikuwa wa kuigiza. Wanafunzi wa vyuo vya Kisangani tulikusanywa katika ukumbi mmoja tujifanye mabalozi wa dunia nzima na tujadili matatizo yake. Kulikuwa na kamati ya maji safi, na choo cha ukumbi hakikuwa na tone. Kulikuwa na kamati ya nishati, na umeme ulikatika kabla hatujamaliza wimbo wa taifa. Ya wakimbizi ilikuwepo, ya magonjwa, ya silaha, ya intaneti. Mimi niliwekwa kwenye kamati ya misitu, na swali letu lilikuwa hili: je, misitu mikubwa ifungwe, mti usikatwe tena, ili dunia ipate kupumua? Nchi ya theluji, kwa yote niliyosoma, ilisema ndiyo, ifungwe. Basi na mimi niseme ifungwe. Mimi, niliyelelewa kwa mitumbwi!

Hapo lazima nimweleze tonton, ndugu wa mama yangu. Tonton anachonga mitumbwi kule Yanonge. Anaingia msituni, anachagua mti wake, anaukata, anauchonga palepale, halafu anaita watu wauburure mpaka mtoni. Mtumbwi huo unalisha nyumba mbili, ya anayeuza na ya anayenunua. Mama alipofariki nilikuwa bado mdogo, na tangu siku hiyo jambo lolote lililonihusu upande wa mama lilipitia kinywani mwa tonton. Yeye ndiye msemaji wa ukoo: mahari anasema yeye, matanga anasema yeye, ugomvi wa mashamba ni yeye. Mimi huniita mama, kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Kifaransa chake alikiokota katika miaka aliyofanya kazi kwenye mashua kubwa za mizigo. Kimejaa matusi ya mabaharia, lakini kinamtosha.

Na kwetu nyumbani, kusema kuna utaratibu wake. Upande mmoja ukimaliza kusema, msemaji wa upande wa pili hajibu papo hapo. Kwanza anapokea neno, yaani anarudia yote aliyoambiwa, moja baada ya jingine, bila kuangusha hata moja, hata yale yanayomchoma. Kisha kikombe cha maji kinazunguka, kila mtu anaonja, na mpaka kimalize mzunguko hasira zimepoa. Anayebaki na kikombe mkononi ndiye mwenye neno. Hapo ndipo jibu linatoka. Hayo yote nilikua nikiyatazama kutoka mlangoni pamoja na wasichana wenzangu, tukingoja vikombe tukavioshe. Maneno ya tonton niliyajua kwa moyo. Nikiwa peke yangu kwenye karai la vyombo, nilikuwa naziambia sufuria: “Tumesikia, mumesema hivi, mukasema tena hivi.” Ndugu zangu walinicheka mpaka basi.

Sasa sikia nilikuwa nimebanwa namna gani. Papa, yaani baba yangu, ni mvuvi wa maporomoko ya mto, na nyumba yetu iko mtaa wa Mangobo. Dada yake, shangazi yangu, ana kibanda cha chakula Ubundu, kule reli inakoishia, anawapikia wasafiri wanaongoja treni au mashua. Mguu wake mmoja ulikuwa umeanza kuvimba, na papa aliona dawa ya mguu huo ni mimi. Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja tu chuoni, somo langu ni uhusiano wa kimataifa. Papa hakuwahi kulielewa somo hilo, na sikuwahi kuweza kumweleza.

“Miaka tatu unasoma kusema,” aliniambia. “Batu banasema bure kila siku kule sokoni. Bon. Hiyo mukutano yako, kama itakupa karatasi ya kuonyesha kama unajua kitu, tutazungumuza. Kama hapana, siku ya Mungu tunakaa, tunamaliza, unafunga sanduku unaenda Ubundu.”

Siku ya Mungu ni Jumapili. Mkutano ulimalizika Jumamosi. Nilihesabu mwenyewe, nikaona sina hata siku moja ya kupumua katikati. Kilichonipa nguvu ni tonton, aliyepanda mto kutoka Yanonge kwa ajili ya kikao hicho. Alifika Ijumaa na kifurushi cha samaki wakavu, akaketi, akanikazia macho. “Usiogope, mama. Siku ya Mungu mimi niko mudomo yako. Na kesho nitakuja kukuangalia kwenye mukutano, nione kama ulijifunza kwangu ama ulikuwa unaosha vikombe tu.”

Jumamosi nilivaa koti la kuazima, lililonibana kwapani hivi kwamba kuinua mkono ilikuwa kazi. Ukumbi ulikuwa na madirisha yaliyopigiliwa misumari, sijui waliogopa wezi au waliogopa hewa. Jasho lilitutoka, tukaita hilo diplomasia. Sheria zilikuwa nyingi kuliko watu. Hakuna kusema “mimi”, unasema “ujumbe wetu”. Hakuna kusimama bila kuinua kibao cha nchi yako. Kila mmoja ana sekunde tisini. Zikiisha, mwenyekiti, dada mmoja mkali wa mwaka wa mwisho, anapiga meza kwa mchi mdogo wa kupondea pilipili, kwa kuwa nyundo yenyewe haikupatikana. Na wakati wa kura milango inafungwa, haingii mtu, hatoki mtu, mpaka nchi ya mwisho iseme. Nilizisoma sheria hizo nikaona zinafanana na kwetu nyumbani, isipokuwa hapakuwa na kikombe.

Watazamaji waliruhusiwa kukaa nyuma. Nikageuka, nikamwona tonton kwenye kiti cha mwisho karibu na mlango, na shati lake la kanisani, kofia magotini.

Yule wa tai akasema kwa niaba ya Kongo. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, na laiti angeniachia nafasi! Alisema vizuri. Alisema wale waliomaliza misitu yao zamani leo wanakuja kutuambia tukae tuitazame ya kwetu mikono kifuani. Alisema tukiufunga msitu, mwenye shamba ataenda wapi, mchoma makaa atachoma nini, mchonga mitumbwi atachonga mawe? Aka! Mtoto wa Makiso ambaye hajawahi kulowa maji ya mtumbwi, akasema neno la tonton neno kwa neno. Nyuma nikamsikia tonton akiguna kwa kuridhika, lile guno lake la kikaoni.

Mwenyekiti akaita nchi ya theluji.

Nikasimama. Karatasi yangu ilikuwa mkononi, imeandikwa vizuri, hoja tano. Nikafungua mdomo, na mdomo ukaenda njia yake ya siku zote. “Ujumbe wetu umesikia,” nikasema. “Ujumbe wa Kongo umesema kwamba waliomaliza misitu yao wanatuambia tuitazame ya kwetu mikono kifuani. Umesema mwenye shamba hatakuwa na pa kwenda. Umesema mchoma makaa…” Nilirudia yote. Sikuangusha hata moja, na sauti yangu ilikuwa imetulia, nzuri, ya mtu anayejua anachofanya. Nilipofika kwa mchonga mitumbwi nilivuta pumzi ili niingie kwenye jibu langu, na macho yangu, naapa, yakatafuta kikombe.

Mchi ukagonga meza. Muda umekwisha.

Ukumbi ukalipuka. Upande wa nchi za misitu walipiga makofi na kunishangilia, nchi tajiri imekiri! Upande wangu, wale waliopewa nchi za Ulaya na za barafu, walinitazama kwa macho ya kunitoboa. Vikaratasi vikaanza kunifikia mezani, maana wajumbe hawaruhusiwi kuongea, wanaandikiana. Kimoja kilisema: “Mheshimiwa, umetuuza.” Kingine: “Umerogwa?” Nilitamani ardhi ipasuke. Wazee wanasema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi nilikuwa nimejikwaa ulimi mbele ya dunia nzima, huku nimebanwa kwapani.

Kosa nililiona palepale. Kwetu, anayepokea neno asijibu, amelikubali. Hata katika kitabu cha mwandishi wa kamati iliandikwa hivyohivyo: nchi ya theluji inakubaliana na Kongo. Na karatasi ya sifa haipewi mjumbe anayeuza nchi yake. Karatasi ikipotea, papa ana jibu lake, na Ubundu inaningoja.

Nikainua kibao. Mwenyekiti alinihurumia. “Nchi ya theluji ina sentensi moja ya kusahihisha,” akasema, “kisha milango ifungwe, tunaanza kura.”

Sentensi moja. Niligeuka kidogo. Tonton alikuwa ameng'ara uso mzima. Alikuwa anamgusa kwa kiwiko mtu wa kando yake, anamwonyesha mimi, na nilijua anachosema bila kusikia: ule ni mutoto wa dada yangu, umeona anavyopokea neno? Nilikuwa sijawahi kumpa mtu furaha ya namna ile. Na mdomoni nilikuwa na sentensi ya kuiua.

“Ujumbe wetu unakanusha kila kilichosemwa,” nikasema. “Nchi yetu inataka misitu ifungwe na mti usikatwe tena, hata mmoja, hata kwa mtumbwi.”

Hata kwa mtumbwi! Hakuna aliyeniomba niliongeze hilo. Niliongeza ili nionekane mkali, ili wenzangu wa barafu wanisamehe, na walinisamehe, walipiga meza kwa viganja. Tonton alisimama, akavaa kofia yake, akaenda mlangoni. Lakini mlango ulikuwa umeshafungwa. Mwanafunzi wa zamu alimwonyesha kwa kidole kwamba sheria ni sheria, mzee, ngoja kura. Akabaki amesimama pale, uso kwenye ubao wa mlango, mgongo kwangu, wakati nchi zote za dunia zinaitwa moja moja. Ndiyo. Hapana. Ndiyo. Nchi zilikuwa nyingi, Mungu wangu. Nilipoitwa nikasema “ndiyo, ifungwe”, nikaona mabega yake hayakusogea.

Karatasi niliipata. Iliandikwa kwamba nimetetea vyema msimamo wa nchi yangu. Nje, kwenye jua, nilimkuta tonton akiningoja, tukatembea mpaka Mangobo bila yeye kutaka pikipiki. Nilijieleza njia nzima. Nilimwambia ni mchezo, tonton, ni kuigiza, mdomo ule haukuwa wangu. Karibu na nyumbani akasimama.

“Neno ile ulipokea muzuri sana,” akasema. “Halafu ukaitupa. Batu bote balikuwa banaona.”

“Nilikuwa natafuta karatasi, tonton. Unajua papa alivyosema.”

“Ninajua,” akasema, akaingia ndani. Siku ile hakuongea nami tena, na mimi nikaingiwa na hofu, kwa sababu kesho yake mdomo wangu ulikuwa ni yeye.

Jumapili baada ya misa tulikaa sebuleni. Papa na ndugu zake wawili upande mmoja, tonton peke yake upande wa mama, mimi kwenye mkeka karibu na mlango. Karatasi yangu ilikuwa mezani, imewekewa kisahani juu isipeperuke. Papa alisema bila ukali, na hilo liliniumiza zaidi, kwa sababu mkali ningeweza kumchukia. Alisema karatasi ameiona, ni nzuri, ana furaha. Alisema lakini dada yake sasa anapika amekaa, kesho atapika amelala. Alisema hana mtoto mwingine wa kike. Alisema mwaka mmoja wa chuo unaweza kungoja, mguu haungoji.

Tonton akasimama akapokea. Alirudia yote, na alirudia vizuri kuliko papa alivyosema. Alipofika kwenye mguu wa shangazi hata mimi machozi yalinilenga. Nikawa najiambia vumilia, jibu linakuja, huyu hajawahi kushindwa kikao. Kikombe kikazunguka. Papa akaonja, ndugu zake wakaonja, kikarudi kwa tonton. Akaonja. Halafu akanyamaza.

Alibaki amesimama, kikombe mkononi, macho chini. Kisha akavuka chumba, akanisimamia pale mkekani, akanipa kile kikombe kwa mikono miwili. Akarudi akaketi.

Nilikipokea. Ndani mlikuwa na maji kidogo yaliyobaki. Sebule nzima ilinitazama, na mimi nilielewa jambo moja tu: kikao kimekwisha na msemaji wangu amenitupa, kwa ajili ya sentensi ile, kwa ajili ya mitumbwi yake. Nilikasirika mpaka masikio yakawa moto. Nikainuka, nikatoka nyuma kwenye karai, nikakiosha kikombe kwa sabuni, mara mbili, kwa nguvu. Niliporudi papa alikuwa ameshachukua kofia. “Neno imekwisha,” akasema, na tonton hakuniangalia.

Ubundu nilikaa miezi kumi na moja. Mbele yako mto, nyuma yako reli, na treni inakuja siku inapotaka yenyewe. Nilipika samaki na pondu kwa watu waliokuwa wamelala juu ya magunia yao wiki mbili, wananiuliza mimi treni iko wapi, utadhani nimeificha jikoni. Shangazi alinipenda, na alinililia mguu wake kutwa: mguu unauma, abiria ni wengi, peke yangu nitakufa hapa. Nilimsikia kila siku na sikumjibu kitu. Nilikuwa na adui mmoja, na adui huyo alikuwa Yanonge akichonga mbao. Nilimtukana tonton nikimenya muhogo, nikimtukana kwa Kifaransa cha mabaharia alichonifundisha mwenyewe.

Halafu mchana mmoja akatokea, nyuma ya pikipiki, tope jekundu mpaka kiunoni. Alileta samaki wale wale wakavu. Nikamwekea chai bila kumsalimu vizuri, na shangazi ndani akaona aibu. Nilivumilia mpaka akanywa nusu kikombe, nikashindwa.

“Tonton, mimi nilikukosea nini hata uninyamazie siku ile? Ulisema utakuwa mdomo wangu!”

Akaniangalia kwa mshangao wa kweli. “Mimi nilinyamaza?”

“Ulipokea neno la papa, ukakaa. Hukujibu.”

“Nijibu namna gani?” akasema. “Kule kwenye mukutano balikupiga muchi mbele ya wewe kujibu. Niliona, nikahurumia. Nilikasirika na ile neno ya mutumbwi, ndiyo, sikuficha. Lakini usiku mimi nilifikiri, nikasema huyu mutoto anajua kupokea kuliko mimi. Kama anajua kupokea, ajibu yeye mwenyewe, na mudomo yake, hapana ya mutu mwingine, hapana ya ile inchi ya baridi. Hapa hakuna mutu wa kupiga muchi. Njo maana nikakupa kikombe.”

Nikaketi chini palepale.

“Tulingoja,” akasema. “Papa yako alingoja. Bandugu yake balingoja. Mimi nilikuwa ninaomba Mungu ndani ya roho. Ukasimama, nikasema sasa. Ukaenda kukiosha. Papa yako akasema, eh bon, amekubali.”

Nililia kwa sauti, hasira yote ya miezi kumi na moja ikakosa mtu wa kumwangukia, ikanirudia mimi. Abiria waligeuka kwenye magunia yao. Maisha yangu yote sijawahi kuona mwanamke akipewa kikombe kile ila kwa kukiosha, nikamwambia, ningejuaje? Tonton akasema hata yeye hakuwahi kuona, ilikuwa mara ya kwanza, na labda angenong'ona neno moja sikioni. Alisema hivyo mara mbili, labda ningekunong'oneza, na nikaona amezeeka.

Akamaliza chai yake, akaninyooshea kikombe kwa mikono miwili. Ndani, shangazi akaita, “Wewe, osha hiyo kikombe, batu banangoja!”

Sikukiosha. Niliingia nacho jikoni, majani ya chai yakiwa bado ndani yake, nikasimama mbele ya shangazi, nikaanza kumrudishia maneno yake: la mguu, la abiria, la kufa peke yake, yote, bila kuangusha hata moja. Aliacha mwiko akanisikiliza. Tonton alikuwa nyuma yangu mlangoni, mahali tulipokuwa tunakaa sisi wasichana. Nilipofika mwisho nilivuta pumzi, nikajibu.